Farasi au Nyoka? Jibu kwa aliyezaliwa 30 Januari 1990

Msomaji mmoja, mfanyabiashara wa vifaa vya simu Kariakoo, anauliza: "Nilizaliwa Tanga tarehe 30 Januari 1990, saa kumi na moja na robo alfajiri. Nikitafuta mnyama wangu wa Kichina, tovuti moja inasema Farasi, nyingine Nyoka. Ninayenunua kwake mzigo Guangzhou kanitumia uzi mwekundu wa mkononi, anasema 2026 ni mwaka wangu wa mkosi na fedha zitanipotea. Tena mdogo wangu anatarajia kujifungua katikati ya Agosti, na nimesoma kwamba mtoto wa kike wa mwaka huu ana nuksi kwa mume. Haya yana msingi gani, na huyo Farasi ana hadithi gani?"

Dada, tovuti zote mbili zimekuambia kweli. Kosa lao ni kutokutajia mpaka wa mwaka wanaoutumia, na wewe umezaliwa katika siku chache ambazo mipaka hiyo haikubaliani.

Mpaka wa kwanza ni sikukuu yenyewe ya Mwaka Mpya, inayofuata mwezi kuandama. Kalenda ya Kichina huhesabu miezi kwa mwandamo kama Hijria, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezewa mwezi wa 13 ili isiachane na jua. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, ilhali Mwaka Mpya wa Kichina hautoki kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 1990 uliangukia 27 Januari. Wewe ukazaliwa siku ya nne ya mwaka mpya, kwa hiyo ni Farasi.

Mpaka wa pili ni lichun, siku ambayo Wachina huhesabu kuwa majira ya kuchipua yameingia. Huo hauna habari na mwezi. Unafuata jua tu, na huangukia tarehe 4 Februari au karibu nayo. Wanaosoma nyota kwa njia ya nguzo nne (mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa), iitwayo bazi, wengi wao hubadilisha mwaka siku hiyo. Tarehe 30 Januari 1990 lichun ilikuwa haijafika, kwa hiyo kwao wewe ni Nyoka. Wajapani wana mpaka wa tatu: tangu 1873 walipochukua kalenda ya jua, mnyama wa mwaka kwao huingia 1 Januari. Huko ungekuwa Farasi bila ubishi.

Kwa hiyo Mchina akikuuliza mezani mnyama wako, mjibu Farasi, maana anazungumzia sikukuu. Ukikaa mbele ya msomaji wa bazi, mpe tarehe, saa na mji wa kuzaliwa, ukae kimya. Akikuandika Farasi bila kukuuliza tarehe, ondoka. Na yeyote aliyezaliwa Januari au Februari asiamini jedwali linaloandika mwaka peke yake. Aliyezaliwa 10 Januari 1990 ni Nyoka kwa mipaka yote miwili ya Kichina, ingawa jedwali litamwita Farasi. Angalia na saa pia: Beijing iko mbele yetu kwa saa tano, hivyo inapogonga saa moja usiku Tanga, kule tarehe imeshabadilika.

Kwa waliozaliwa miezi mingine hesabu ni rahisi. Gawanya mwaka kwa 12, utazame kinachobaki. Sifuri ni Nyani, 1 Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe, 4 Panya, 5 Ng'ombe, 6 Chui Milia, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi. Tarakimu ya mwisho ya mwaka hukupa asili yake: 4 na 5 ni mti, 6 na 7 moto, 8 na 9 udongo, 0 na 1 chuma, 2 na 3 maji. 2026 ukigawanywa kwa 12 unabaki 10, na unaishia na 6, basi ni Farasi wa Moto. Kwa njia hiyohiyo 1990 ni Farasi wa Chuma, na 1989 ni Nyoka wa Udongo. Mchanganyiko mmoja hurudi kila baada ya miaka 60. Farasi wa Moto waliotangulia ni 1906 na 1966.

Sasa utabiri wenyewe unavyoundwa. Nyuma ya wanyama kuna alama 12 za kale zinazoitwa matawi ya ardhini, na alama 10 ziitwazo mashina ya mbinguni. Tawi la Farasi ni wu, na shina la mwaka huu ni bing, moto mkali wa upande wa yang, yaani nguvu ya mwanga na joto. Matawi yana uhusiano uliopangwa zamani: yanayokaa uso kwa uso hugongana, mengine hudhuriana, mengine huvunjana, mengine hupatana. Farasi hugongana na Panya, hudhuriana na Ng'ombe, huvunjana na Sungura, hupatana na Mbuzi, na huunda kundi la moto pamoja na Chui Milia na Mbwa. Mwandishi wa utabiri wa mwaka huchukua tawi la 2026, hulilinganisha na kila mnyama, kisha hutafsiri. Panya ataambiwa habari za kuhama na kugombana, Mbuzi habari za kupata wa kumshika mkono. Farasi hukutana na Farasi mwenziwe, na wu ni mojawapo ya matawi manne yanayosemwa kuwa hujiadhibu yenyewe. Hapo ndipo mkosi aliokutajia mwenzako wa Guangzhou unapotoka.

Mwaka unaorudi na mnyama wako huitwa ben ming nian, na aliye ndani yake husemwa kuwa "amemkosea Tai Sui". Tai Sui huyu ana asili ya falaki hasa. Sayari ya Mshtarii (Jupita) huzunguka jua kwa karibu miaka 12, na Wachina wa kale waliigawa njia yake vituo 12 ili waitaje miaka. Lakini Mshtarii huonekana ikienda kinyume cha mpangilio wa matawi yao, kwa hiyo wakabuni sayari ya kufikirika iendayo upande unaotakiwa, kituo kimoja kwa mwaka, wakaiita Tai Sui. Tatizo ni kwamba Mshtarii halisi hutumia miaka 11.86, si 12 kamili, hivyo kila baada ya miaka 86 hivi huwa imepita hesabu kwa kituo kizima. Mwishowe waliacha kuifuata mbinguni, wakabaki na duru ya 12 na 60 inayojiendesha yenyewe. Baadaye kila mwaka katika ile 60 ukapewa jemadari wake wa kuabudiwa. Katika hekalu la Baiyunguan mjini Beijing kuna ukumbi wenye sanamu zao zote 60. Kwa maneno mengine, sayari iliyodaiwa kuutawala mwaka iliachana na kalenda hii zamani sana, na utabiri ukaendelea bila yake.

Tuje kwako. Tukitumia mpaka wa lichun, nguzo zako tatu za kwanza ni hizi: mwaka ji-si, Nyoka wa Udongo, mwezi ding-chou, Ng'ombe wa Moto, siku yi-wei, Mbuzi wa Mti. Katika bazi mtu mwenyewe ni shina la siku, halafu nguzo nyingine hupimwa kwalo. Wewe basi ni yi, mti laini, mmea utambaao, uliozaliwa katika mwezi wa mwisho wa baridi ya kaskazini. Mnyama wa mwaka, ambaye ndiye pekee anayesomwa magazetini, ni alama moja kati ya nane, maana kila nguzo ina shina lake na tawi lake.

Tazama sasa 2026 inavyobadilika. Nyoka hayumo kabisa katika orodha ya wanaomkosea Tai Sui mwaka huu. Ng'ombe wa mwezi wako anadhuriana na Farasi, lakini Mbuzi wa siku yako anapatana naye. Moto wa mwaka ni kile ambacho mti wako huzaa, yaani kazi ya mikono yako na maneno yako. Moto nao huzaa udongo, na kwa mtu wa mti udongo ndio mali. Zaidi ya hayo, mti wa majira ya baridi husemwa kuwa unahitaji moto ili uote. Msomaji stadi angeweza kukaa na nguzo hizihizi akakuambia kwamba 2026 ni mwaka wa kuuza kwa bidii yako mwenyewe, akakuonya juu ya kauli kali kwa wakubwa wa serikali au wa soko, maana bing kwa yi huitwa "kinachomjeruhi afisa". Hayo ni kinyume cha ulichoambiwa, na yametoka katika elimu ileile.

Nguzo ya saa ndiyo yenye mtego. Siku ya Kichina ina saa 12 za muda mrefu, kila moja sawa na mbili zetu. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri ni ya Chui Milia. Saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi ni ya Sungura. Wewe ulizaliwa saa kumi na moja na robo, kwa hiyo programu ya simu itakuandikia Sungura. Lakini saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Tanga iko karibu na nyuzi 39. Jua la Tanga liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 24 hivi, na mwishoni mwa Januari jua lenyewe huchelewa dakika nyingine 13. Kwa jua, ulizaliwa yapata saa kumi na dakika 38. Hiyo ni saa ya Chui Milia, anayeungana na Farasi, wakati Sungura huvunjana naye. Wasomaji wengine hufanya masahihisho haya, wengine hawafanyi, na programu nyingi hazikuulizi. Dakika 37 zimetosha kuligeuza jibu.

Ndiyo maana nasema bila kusitasita kwamba utabiri wa mnyama peke yake haufai hata kwa kanuni za waliouanzisha. Na ule wa nguzo nne, pamoja na ufundi wake wote, ni lugha ya kujitazama na kuongelea maisha; hauna njia yoyote inayojulikana ya kugusa bei ya chaja Kariakoo.

Hadithi za Farasi zinastahili nafasi yao, maana ni nzuri kuliko utabiri. Ile mashuhuri ni ya mashindano. Yuhuang, Mfalme wa Mbinguni, aliwaita wanyama wavuke mto, na kumi na wawili wa kwanza wapewe miaka. Farasi alikuja akitimua vumbi, amebakiza hatua chache apate nafasi ya sita. Kumbe Nyoka alikuwa amejizungusha kwenye ukwato wake. Akajitupa mbele, Farasi akashtuka na kurudi nyuma, Nyoka akawa wa sita na Farasi wa saba. Ukikumbuka kwamba wewe mwenyewe unagombaniwa na hawa wawili, hadithi hii inakuhusu kwa karibu.

Lakini mpangilio haukuwa hivyo siku zote. Mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, lilifukuliwa kaburi la afisa wa enzi ya Qin aliyezikwa yapata 217 kabla ya Kristo, likiwa na vipande vya mianzi vyenye maandishi ya kuchagua siku njema na mbaya. Humo wanyama wamepangwa kwa matawi kwa ajili ya kumtambua mwizi: aliyeiba siku ya tawi fulani ana sura ya mnyama fulani. Katika orodha hiyo tawi wu lina kulungu, na farasi yuko kwenye tawi linalofuata, ambalo leo ni la Mbuzi. Vipande vingine vya karne hizohizo, vilivyopatikana Fangmatan mkoani Gansu, vimemweka farasi kwenye wu kama tunavyomjua. Kufikia karne ya 1 baada ya Kristo, mwanafalsafa Wang Chong anawataja wanyama kama walivyo sasa, tena ili awakejeli wanaoamini kwamba wanyama wa matawi hushindana kwa asili zao: tawi la Panya ni la maji na la Farasi ni la moto, basi ikiwa maji hushinda moto, aliuliza, mbona panya hamfukuzi farasi? Hoja hiyo ina karibu miaka 2,000 na bado haijajibiwa.

Farasi alifaa wu kwa sababu tawi hilo ni adhuhuri, kuanzia saa tano hadi saa saba mchana, ni kusini, na ni mwezi ambamo jua la kaskazini hufika kileleni. Yang imejaa, na papo hapo inaanza kupungua. Kwa watawala farasi alikuwa pia suala la vita. Mfalme Wu wa enzi ya Han alituma majeshi hadi bonde la Fergana, Asia ya Kati, kati ya 104 na 101 kabla ya Kristo ili apate "farasi wa mbinguni" waliosemwa kutoka jasho la damu.

Yenye uchungu zaidi ni hadithi iliyoandikwa na Gan Bao katika karne ya 4. Binti alibaki peke yake nyumbani, baba yake yuko safari ya mbali. Kwa upweke akamwambia farasi wao kwa mzaha, "Ukinirudishia baba, nitakuwa mke wako." Farasi akakata kamba, akaenda, akarudi na baba. Tangu hapo hakugusa majani, na kila alipomwona binti alihangaika. Baba alipojua sababu akamuua kwa mshale, akaianika ngozi uani. Binti akaikanyaga na kuicheka. Ngozi ikainuka, ikamfunika, ikaruka naye. Siku chache baadaye walionekana juu ya mti, binti na ngozi wamegeuka kuwa mnyoo unaotoa uzi. Hivyo ndivyo hariri ilivyopata asili katika simulizi hiyo, na katika sehemu za China mungu wa hariri huitwa Bibi wa Kichwa cha Farasi.

Kuhusu mtoto wa mdogo wako, hiyo hofu ni ya Japani hasa, ambako mwaka huu huitwa hinoe-uma. Ilishikamana na kisa cha Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo (Tokyo ya leo), aliyehukumiwa kifo 1683 kwa kuwasha moto ili amwone tena kijana aliyempenda. Ikasemwa kwamba alizaliwa 1666, mwaka wa Farasi wa Moto. Watu wakashikilia kwamba wanawake wa mwaka huo ni wakali na huwafupishia waume maisha. Matokeo yake yamo katika takwimu za serikali: mwaka 1965 walizaliwa watoto 1,823,697, mwaka 1966 wakashuka hadi 1,360,974, na 1967 wakapanda hadi 1,935,647. Robo nzima ya vizazi vya mwaka mmoja ilikosekana kwa sababu ya imani hii. Madhara yaliyothibitika ni hayo, pamoja na wasichana waliokataliwa posa, na yote yamefanywa na watu.

China ina hofu yake tofauti, ya "farasi mwekundu na mbuzi mwekundu", yaani mwaka huu na ujao. Mwaka 1246, ambao nao ulikuwa wa Farasi wa Moto, mwanazuoni Chai Wang alimpelekea mfalme orodha ya majanga ya miaka ya aina hii, na jeraha lililokuwa bado bichi ni la 1126 na 1127, Wajurchen, watu wa kaskazini, walipouteka mji mkuu Kaifeng. Dosari ya orodha kama hiyo iko wazi: haiulizi ni majanga mangapi yalitokea katika miaka mingine 58 ya duru.

Mtoto atakayezaliwa katikati ya Agosti, hata kwa kanuni zenyewe, hatakuwa moto mtupu. Kuanzia 7 Agosti mwezi unakuwa wa Nyani, ambao ni chuma, na shina la siku yake linaweza kuwa lolote kati ya kumi. Mwambie mdogo wako ahudhurie kliniki, na jambo hili asilifikishe kwa wakwe.

Uzi mwekundu uvae ukipenda. Desturi hutaka mwenye ben ming nian avae nyekundu, mara nyingi mkanda, soksi, nguo ya ndani au uzi, na inapendelewa apewe na mtu mwingine badala ya kujinunulia. Aliyekutumia amekutendea wema wa kwao, mshukuru. Kinachofaa kukataliwa ni vya bei: hirizi za jedi, sanamu za Tai Sui za kuagizwa mtandaoni, "usafishaji" unaolipiwa kwa awamu. Anayekutisha kwanza kisha akakuuzia dawa ya hofu hiyo ni mchuuzi tu, na desturi yenyewe haimtambui.

Fedha zako linda kwa kalenda ileile, upande wake usio na ubishi. Mwaka wa Farasi ulioanza 17 Februari 2026 utaisha 5 Februari 2027, na sikukuu itakuwa 6 Februari. Msongamano wa safari za sikukuu, chunyun, huhesabiwa siku 40, huanza karibu wiki mbili kabla, na wafanyakazi wengi wa viwandani huondoka mapema kuliko tarehe rasmi. Viwanda vingi hufunga wiki mbili hadi nne, na vikifungua huwa havijajaza watu, kwa hiyo mzigo wa Machi huchelewa na ubora wake huyumba. Meli kutoka kusini mwa China hadi Dar es Salaam mara nyingi huchukua kama mwezi mmoja. Ukitaka bidhaa za Machi ziwe dukani, lipa malipo ya awali kabla Novemba haijaisha, kagua mzigo Desemba, na kontena lipakiwe kabla ya katikati ya Januari. Muulize mwenzako leo kiwanda chake kitafunga lini na kitafungua lini, akujibu kwa maandishi.